Frank McWorter, Mwenye Kuanzisha Mji wa New Philadelphia

1. Mtoto wa Juda

Katika mwaka 1777, huko Marekani, katika jimbo la South Carolina, alizaliwa mtoto mwanamume aliyeitwa Frank. Mamaye aliitwa Juda, naye alikuwa mtumwa aliyetolewa kwao Afrika ya Magharibi akavushwa bahari. Bwana wake alikuwa mkulima Mzungu, jina lake George McWhorter, na husadikiwa kwamba huyo ndiye aliyekuwa baba wa mtoto. Lakini jambo hilo halikumfaa mtoto kitu. Sheria ya nchi ile ilikuwa kwamba mtoto hufuata hali ya mamaye. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama babaye ni mwungwana, hata kama babaye ndiye bwana mwenyewe.

Ninyi msomao, ishikeni sana sheria hii, kwa maana msipoielewa hamtaelewa kwa nini Frank alifanya kila jambo alilolifanya.

Jamaa zake husimulia mpaka leo kwamba Juda alipopatwa na utungu alitoka peke yake akaenda msituni, akajifungua huko usiku pasipo mkunga wala jirani, na kulipokucha akarudi amempakata mtoto wake. Basi ndivyo alivyoingia duniani mtu huyu, ambaye baadaye alipima mji, akaupa jina, na kuuandikisha katika daftari ya serikali.

2. Kazi ya Kufyeka Msitu

Frank alipokuwa kijana wa miaka 18, yaani mwaka 1795, bwana wake alihama South Carolina, akavuka milima, akaenda kukaa Kentucky katika wilaya ya Pulaski. Siku zile walowezi walikuwa wachache huko, na misitu ilikuwa minene. Shamba halikuwako, ilibidi lifanywe. Frank alikata miti, akang'oa visiki, akajenga kwa magogo, akalima, akapanda mahindi, akatunza ng'ombe na nguruwe. Mavuno yalikuwa ya bwana wake. Lakini ujuzi ulibaki mikononi mwake Frank, wala hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya. Alijifunza jinsi mtu anavyoingia katika nchi isiyolimwa na kuifanya makao ya watu, akauweka ujuzi huo kwa muda wa miaka 35 kabla ya kuutumia kwa faida yake mwenyewe.

Mwaka 1799 Frank alioa mwanamke aliyeitwa Lucy, mtumwa wa jamaa nyingine ya jirani. Nasema alioa, kwa kuwa wao wenyewe walijihesabu kuwa mume na mke, lakini sheria haikuitambua ndoa ya watumwa. Mume alikaa kwa bwana wake, na mke kwa bwana wake, wakaonana kwa ruhusa tu. Walizaa watoto, na wanne kati yao waliokua wanajulikana majina: Judah, Sally, Frank na Solomon. Wote walikuwa mali ya bwana wake Lucy tangu pumzi yao ya kwanza. Angeweza kumwuza mmoja wao siku yoyote aliyopenda, na baba asiwe na la kusema.

3. Udongo wa Pangoni

Mnamo mwaka 1810 hivi George McWhorter alihama tena, akaenda Tennessee, akamwacha Frank aliangalie shamba la Kentucky. Akampa pia ruhusa ya kufanya kazi kwa watu wengine, kwa sharti la kumletea sehemu ya ujira. Desturi hii haikuwa ngeni hata katika pwani yetu. Zamani, Unguja na Mombasa, watumwa walitumwa kufanya kazi za kutwa; walipewa kikaratasi kidogo, na ijara waliyoipata waligawana na mabwana zao. Ndiyo asili ya neno letu kibarua. Wengi walifanya kazi hiyo na kula sehemu yao. Frank aliiweka sehemu yake.

Kisha mwaka 1812 ilitokea vita kati ya Marekani na Uingereza. Vita hutaka baruti, na baruti haifanyiki pasipo shura. Katika vilima vya Kentucky kuna mapango ambayo udongo wake una shura ndani yake. Watu waliuchimba udongo huo, wakautia katika mapipa makubwa ya mbao, wakamwagia maji, maji yakapenya na kutoka chini yamechukua shura. Maji hayo yalichanganywa na maji ya majivu ya kuni, yakachemshwa katika masufuria ya chuma muda mrefu, hata maji yakaisha na shura ikabaki. Wenye wazee wa bara waliokuwa wakichuja majivu ili kupata chumvi ya kupikia wataielewa kazi hii bila shida.

Frank aliijua, akaifanya kwa ajili yake mwenyewe katika saa alizobakiwa nazo baada ya kazi ya bwana wake. Kazi ya pangoni ni kazi ya giza na unyevu, na kazi ya jikoni kwake ni kazi ya moshi. Aliiuza shura yake, akaweka fedha juu ya fedha. Vita ilipokwisha biashara ilipungua, lakini hakuiacha.

4. Nani Akombolewe Kwanza?

Mwaka 1815 George McWhorter alifariki, na Frank akawa mali ya warithi wake. Miaka miwili baadaye Frank alikuwa amekusanya dola 800. Fedha hizo zilitosha kumkomboa mtu mmoja tu. Sasa fikirini: mngekuwa ninyi, mngemkomboa nani?

Wengi wangejikomboa wenyewe kwanza, wakisema kwamba mtu huru aweza kufanya kazi zaidi na kupata fedha upesi zaidi. Frank alimkomboa Lucy. Aliikumbuka ile sheria niliyoitaja mwanzo. Lucy alikuwa na mimba wakati ule. Kama angezaa akiwa mtumwa, mtoto angekuwa wa bwana wake, na siku moja Frank angepaswa kumnunua huyo naye. Lakini mama akiwa huru, mtoto huzaliwa huru, na huyo hana bei. Basi katika mwaka 1817 Lucy alikombolewa, na katika mwaka huo huo akamzaa Squire, mtoto wao wa kwanza kuzaliwa mwungwana. Baada yake walizaliwa wengine, Commodore na Lucy Ann, nao wakawa huru vile vile. Kwa dola 800 Frank alikuwa amemkomboa mke mmoja na kuwaepusha watoto watatu na minyororo kabla hawajazaliwa. Mtu huyu hakujua kusoma wala kuandika. Alipotakiwa kutia sahihi alipiga alama ya msalaba. Lakini hesabu aliijua.

Mwaka 1819 alilipa dola 800 nyingine kwa warithi wa McWhorter, akajikomboa mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 42. Toka siku hiyo watu walimwita kwa Kiingereza Free Frank, maana yake Frank Huru, na jina hilo ndilo lililoandikwa katika hati.

5. Mtoto Aliyetoroka

Sasa nyumba ya Frank ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Baba, mama na watoto wadogo walikuwa huru. Wale wanne wakubwa walikuwa watumwa bado, nao walikaa karibu, katika wilaya ile ile. Frank alinunua ardhi, akalima, akaendelea na kazi ya shura.

Mwaka 1826 mwanawe Frank, yule kijana mwenye jina la babaye, alichoka kungoja. Alitoroka, akasafiri kuelekea kaskazini, akafika Kanada, ambako watumwa wa Marekani waliotoroka walipata kukaa huru. Huko hakuwa mtumwa wa mtu, lakini hakuweza kurudi kuwaona wazazi wake, kwa maana angekamatwa. Baba yake hakumlaumu wala hakumsahau. Katika mwaka 1829 alifanya mapatano na bwana wa kijana: akamtolea mtambo wote wa shura, yaani masufuria, mapipa na kila kitu, na bwana yule akatoa hati ya uhuru wa mtoroshwaji. Kile kilichompatia Frank fedha kwa miaka mingi kilitoka mkononi mwake kwa siku moja. Kijana akarudi kwa wazazi wake akiwa mtu huru.

Baada ya hayo Frank hakuwa na mtambo, na Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa. Mtu mweusi aliye huru aliishi huko kwa wasiwasi, kwa kuwa wezi wa watu walikuwa wengi, na hati yaweza kupotea au kuchanwa. Frank akaamua kuhama.

6. Safari ya Illinois

Aliuza ardhi yake ya Kentucky, akapata ekari 160 katika jimbo la Illinois, wilaya ya Pike, kati ya mto Illinois na mto Mississippi. Alizinunua bila kuziona. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wamekwisha kuondolewa, na serikali ilikuwa imeitenga sehemu hiyo kwa ajili ya askari waliopigana vita vya mwaka 1812. Wengi wao hawakwenda kukaa huko, bali waliuza hati zao. Ni ajabu kwamba vita ile iliyompa Frank soko la shura ndiyo iliyoifungua nchi atakayoijengea mji.

Katika mwaka 1830 waliondoka kwa gari la kukokotwa: Frank, Lucy, kijana Frank, Squire, Commodore na Lucy Ann. Nyuma waliwaacha Solomon, Judah na Sally, pamoja na wajukuu. Hebu wazieni asubuhi ile. Frank alikuwa mzee wa miaka 53. Alikuwa akienda mbali na watoto wake ili apate uwezo wa kuwarudia.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali kupita kiasi. Theluji iliyoanguka Illinois ilikuwa nyingi hata watu wa huko waliikumbuka kwa miaka mingi na kuhesabu umri wao kwayo. Jamaa ya Frank ililazimika kungojea njiani mpaka baridi ipungue, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1831 wakafika shambani kwao. Hapakuwa na nyumba hata moja. Wao ndio waliokuwa walowezi wa kwanza katika sehemu ile iitwayo Hadley.

Illinois haikuwa nchi ya utumwa kama Kentucky, lakini haikumpokea mtu mweusi kwa mikono miwili. Sheria ya mwaka 1829 ilimtaka kila mtu mweusi aingiaye aonyeshe hati ya uhuru, na kuweka dhamana ya dola 1,000 kwamba hatakuwa mzigo kwa wilaya. Hakuweza kupiga kura, wala kutoa ushahidi barazani juu ya Mzungu. Tena ng'ambo ya Mississippi ilikuwako Missouri, jimbo la utumwa, na wakamataji wa watumwa hawakuwa mbali.

Lakini udongo ulikuwa mzuri. Mbuga za Illinois zina nyasi ndefu ambazo mizizi yake imefungamana chini kama mkeka, na kuvunja ardhi hiyo mara ya kwanza hutaka plau nzito na ng'ombe wengi. Ikisha kuvunjwa, hutoa mahindi na ngano tele. Frank na wanawe waliivunja. Walipanda mahindi, ngano na shayiri, wakafuga ng'ombe, nguruwe na farasi. Mwaka 1835, miaka minne tu baada ya kufika, Frank alirudi Kentucky na dola 550 akamkomboa mwanawe Solomon. Safari ile ilikuwa ya hatari kwa mtu mweusi, kwa maana ilimpasa aingie tena katika nchi ambayo angeweza kukamatwa na kuuzwa. Alikwenda, akarudi na mtoto wake.

7. Viwanja 144

Baada ya kumpata Solomon, Frank alifanya hesabu nyingine. Binti zake wawili, Judah na Sally, walikuwa bado utumwani, nao walikuwa na watoto. Kwa sheria ile ile, kila mtoto aliyezaliwa na binti hao alikuwa mtumwa. Baba alipokuwa akikusanya fedha ya kumkomboa mmoja, huko Kentucky alizaliwa mwingine. Mahindi na nguruwe huleta fedha, lakini huleta polepole. Kwa njia hii asingemaliza kamwe.

Siku zile watu wengi walikuwa wakihamia Illinois, na kila mahali ilianzishwa miji. Serikali iliuza ardhi yake kwa bei ya dola moja na robo kwa ekari. Frank alikuwa amenunua kipande cha ekari 80 karibu na shamba lake, kwa dola 100. Akatambua kwamba ekari moja ikiuzwa kama shamba ina bei ndogo, lakini ikikatwa viwanja vya mji, kila kiwanja kina bei yake. Basi katika mwezi wa Septemba mwaka 1836 alimwita mpima ardhi. Wakapima ekari 42, wakaweka njia pana zinazokutana, na kati ya njia hizo viwanja 144, kila kimoja futi 60 kwa futi 120. Njia mbili kubwa ziliitwa Broad Way na Main Street. Ramani ikapelekwa kwa mwandishi wa wilaya, ikaandikwa daftarini, na mji ukapewa jina New Philadelphia. Katika Marekani yote hajulikani mtu mweusi aliyepima mji na kuuandikisha kisheria kabla yake.

Wengine walioanzisha miji siku zile walitaka kutajirika. Frank alitaka kuwanunua watoto wake. Jambo hili halikuwa siri. Liliandikwa katika maombi yaliyopelekwa mbele ya bunge la jimbo, kwamba fedha za viwanja zitatumiwa kuwakomboa watoto wake waliobaki utumwani. Kila mtu aliyenunua kiwanja ili ajenge duka au nyumba alikuwa akichangia, kwa kujua au kwa kutojua, bei ya uhuru wa mtu aliye mbali.

Haifai tupite hapa bila kusema neno. Wako watakaouliza kwa nini mtu amlipe mwizi ili arudishiwe kilicho chake. Swali hilo ni la haki. Uhuru wa Lucy ulikuwa wa Lucy tangu mwanzo, na dola zile 800 kwa haki hazikumpasa mtu yeyote. Kwa bei ya ardhi ya serikali ya Illinois, fedha hizo zingalinunua ekari 640. Frank alilipa kwa sababu sheria na bunduki zilikuwa upande wa wenye watumwa, na watoto wake walikuwa na maisha mamoja tu, yakipita.

8. Jina na Haki

Palibaki shida moja kubwa. Frank alikuwa na mji, lakini hakuwa na jina kamili mbele ya sheria. Mtu akinunua kiwanja na kukataa kulipa, Frank angewezaje kumshtaki? Mji usio na mwenye haki ni kama nyumba isiyo na mlango.

Mwaka 1837 majirani Wazungu waliomfahamu walimtolea ushuhuda kwamba ni mtu mwaminifu na mwenye bidii, na bunge la Illinois likapitisha sheria kwa ajili yake yeye peke yake. Kwa sheria hiyo jina lake likawa Frank McWorter, na watoto wake wakalichukua jina hilo. Akapewa haki ya kununua na kuuza ardhi, kushtaki na kushtakiwa. Haki ya kupiga kura hakupewa. Lakini sasa hati za viwanja zilikuwa na nguvu. Yeye na Lucy walifunga pia ndoa mbele ya sheria, miaka 40 hivi baada ya kuoana.

9. Mji Unakua

New Philadelphia haukuwa mji mkubwa, na Frank hakutarajia uwe kama Chicago. Ulikuwa mji wa wakulima. Wakulima wa pande zile walihitaji mahali pa kununua chumvi na nguo, pa kupigiwa farasi viatu, pa kutengenezewa magurudumu ya magari. Basi wakaja mwenye duka, mhunzi, seremala, fundi viatu, na fundi wa magurudumu. Wengine walikuwa weusi na wengine Wazungu, wakakaa njia moja, nyumba kwa nyumba. Kwa nchi ile na kwa siku zile jambo hili lilikuwa adimu.

Hesabu ya watu ya mwaka 1850 ilikuta watu 58 mjini. Mwaka 1865 walikuwa wamefika 160 hivi. Baadaye, katika miaka ya 1870, ilijengwa shule, na watoto weusi na Wazungu walisoma humo pamoja. Nadhani Frank, aliyetia sahihi kwa alama ya msalaba maisha yake yote, angelisimama mlangoni pa shule ile muda mrefu.

Jamaa zake husimulia pia kwamba nyumba za McWorter zilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka Missouri, na kwamba vijana wake waliwasindikiza watu kuelekea Kanada. Njia ya huko ilijulikana nyumbani kwao, kwa kuwa kijana Frank aliwahi kuipita.

Na viwanja vikauzwa, kimoja kimoja. Judah alikombolewa, na Sally alikombolewa. Wajukuu nao wakafuata, kwa kadiri fedha ilivyopatikana.

10. Mwisho wa Safari

Frank McWorter alifariki katika mwezi wa Septemba mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 77. Alipokufa kazi yake ilikuwa haijakwisha, kwa maana wajukuu wengine walikuwa bado Kentucky. Hata hivyo alikuwa amekwisha kulifikiri. Katika wasia wake aliagiza kwamba mali yake itumike kuwakomboa waliobaki. Mwaka uliotangulia kifo chake Illinois ilikuwa imetunga sheria ya kuwakataza watu weusi wasiingie kukaa katika jimbo lile. Lakini wanawe waliutimiza wasia, na kufika mwaka 1857 kazi ilikwisha.

Tukihesabu toka Lucy mwaka 1817 mpaka wajukuu wa mwisho mwaka 1857, watu 16 wa ukoo mmoja walikombolewa, pamoja na Frank mwenyewe, kwa fedha zipatazo dola 14,000. Ilichukua miaka 40. Lucy aliishi baada ya mumewe, akauona mwaka 1865, utumwa ulipokomeshwa katika Marekani yote.

Mji haukuishi sana. Mwaka 1869 reli ilijengwa katika wilaya ya Pike, ikaupita New Philadelphia pembeni kwa mwendo wa maili moja hivi upande wa kaskazini. Mnajua jinsi mambo yalivyo: panapopita reli ndipo biashara inapokwenda. Wenye maduka wakahama, mafundi wakawafuata wateja wao, na mwaka 1885 sehemu ya mji ilifutwa katika daftari ikawa shamba tena. Mwishowe nyumba ziliondoka, nyasi zikaota juu ya Broad Way.

Katika miaka ya 2000 wataalamu walikwenda huko wakachimba taratibu, wakakuta misingi ya nyumba, vipande vya sahani, vifungo vya nguo, na vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliifanya nchi ile kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, isije ikaharibiwa. Kaburi la Frank liko karibu na hapo. Walioandika habari zake kwa ukamilifu ni pamoja na kitukuu wa wanawe, mwanamke mwenye elimu kubwa, aitwaye Juliet Walker, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1983.

Mtu akisimama leo mahali pale ataona majani na miti, na huenda akasema kwamba mji ulishindwa. Lakini mji ule ulianzishwa kwa kazi maalum, na kazi hiyo ilitimia. Watoto na wajukuu walitoka utumwani, wakazaa watoto ambao hapana aliyewawekea bei, na wazao wao wako hai mpaka leo.